Tarehe Niliyoinyamazia

Nakumbuka nilikuwa nagonga muhuri kwenye barua za basari, asubuhi, ofisi imejaa watu, wakati Mwanakombo alipoingia bila hodi. Hakuketi. Alisimama mbele ya meza yangu, mkono mmoja umekusanya buibui lisiburuzike, akasema kama mtu anayeagiza sukari dukani: "Rukia, nagombea uwakilishi wa wadi. Nimekuja kukwambia weye kwanza."

Mwanangu, nilicheka. Nilicheka mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja muhuri, na wao wakacheka kwa kuwa mimi nimecheka. Yeye naye akacheka, maana alidhani ni furaha.

Juzi umeniuliza kuhusu yule kijana ambaye picha zake zimebandikwa hadi kwenye mlango wa bohari la samaki. Hajawahi kushika cheo, hana chama, na anaahidi kila kitu. Umetaka kujua ataweza au hataweza. Ungemwuliza mtu mwingine ungepata jibu fupi. Mimi sina jibu fupi, kwa sababu niliwahi kulijua jibu la swali hilo, tena nikasaidia kuhakikisha limekuwa vile nilivyolijua. Basi nisikilize kidogo. Chai ipo.

Mwanakombo na mimi tulisoma chuo kimoja cha Kurani na darasa moja la skuli hapa kisiwani. Mimi nilikuwa wa kwanza kila muhula. Yeye aliacha skuli darasa la sita ili amsaidie mamake. Nilipoajiriwa kuwa karani wa ofisi ya wadi, yeye alikuwa akiuza chai na mikate ya mofa pale gatini Mtangawanda, abiria wanaposhuka kutoka Lamu. Ungedhani mwenye kuonewa wivu ni mimi, mwenye kiti, meza na mshahara. Lakini tangu tukiwa wadogo, Mwanakombo akiingia nyumbani kwa watu, watu husogea wampishe karibu yao. Mimi nikiingia, husogea wanipishe njia. Sijui kama unaielewa tofauti hiyo. Mimi niliielewa nikiwa na miaka tisa, na haikunitoka.

Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo hata marehemu mume wangu hakulijua. Nilikitaka kiti kile. Kwa zaidi ya miaka ishirini niliwaandikia waheshimiwa hotuba zao. Nilijua barua gani inapelekwa wapi, nani anasaini, na nani husema amesaini hali hajasaini. Wakati mwingine, nikibaki peke yangu ofisini, nilikuwa nikiandika jina langu kwenye karatasi na neno Mheshimiwa mbele yake, nikalitazama, kisha nikaichana karatasi vipande vidogo. Sikumwambia mtu. Nilingoja watu waje wenyewe waniambie, "Bi Rukia, simama." Hawakuja. Walikwenda kumwambia muuza chai.

Sababu ilikuwa hii. Siku moja mgombea mmoja mkubwa aliteremka gatini na watu wake, na saa ile ile wanaume wanne walikuwa wamembeba mwanamke mjamzito juu ya kitanda cha kamba, wanapita naye topeni kwenda kwenye boti, kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa. Wapambe wa mgombea wakataka wale wanaume wasimame mheshimiwa apite. Mwanakombo aliweka birika lake chini, akaenda akasimama katikati ya ndia.

"Mpisheni huyu kwanza," akasema. "Nyinyi mwaja kutafuta kura, yeye apelekwa kuokolewa. Nti hii haina boti la wagonjwa, na weye waja na maboti mawili ya kubebea fulana!"

Mtu alikuwa amewasha simu akirekodi. Kufikia alasiri hakukuwa na nyumba kisiwani ambayo haikumsikia Mwanakombo. Wiki ile ile wakaanza kumfuata: simama, simama. Akasimama kama mgombea huru, bila chama, bila gari wala boti, na birika lake likawa ndiyo alama yake.

Nilikwenda kumsikiliza kwenye uwanja wa skuli. Nilisimama nyuma, karibu na ukuta. Alisema vizuri, mwanangu, na hilo lilinichoma kuliko yote. Alisema ndani ya siku mia moja patakuwa na boti la wagonjwa hapa Pate. Alisema maji matamu yatafika kila mtaa. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wakipiga makofi na makofi yana utamu wake, akaongeza ambalo hakulipanga: kwamba kila mwenye shamba atapata hatimiliki yake mkononi. Wazee walisimama. Kina mama wakalia. Mimi niliegemea ule ukuta.

Nilijua mambo mawili pale pale. La kwanza, mwakilishi wa wadi hana uwezo wa kumpa mtu hatimiliki. Hiyo si kazi ya kaunti hata kidogo. La pili, boti halipatikani kwa siku mia moja, kwa sababu lazima liingie kwenye makadirio ya bajeti, na makadirio yana msimu wake. Nikaanza kuyasema mambo hayo nyumba kwa nyumba. "Maskini Mwanakombo," nilikuwa nikianza hivyo, kwa sauti ya huruma. "Hajui. Amewadanganya bila kukusudia." Na nilikuwa nasema kweli. Hapo ndipo pagumu, mwanangu. Uongo ungenistua mwenyewe nikauacha. Ukweli ulinipa raha ya kuuendeleza, na sikujiuliza kwa nini jambo la kweli linanipendeza hivyo.

Akashinda. Siku alipotangazwa nilipiga vigelegele virefu kuliko wanawake wote, mtu asije akauona uso wangu.

Siku ya tatu baada ya kuapishwa akaja ofisini. Amevaa viatu vipya vinavyombana, nikaviona, nikafurahi kwamba vinambana. Akafunga mlango.

"Shoga yangu," akasema, "mimi sijui kitu. Nimesimama pale kwenye bunge la kaunti nimetazama watu wakifungua makabrasha, sijui hata ukurasa gani. Nionesha ndia. Nianze wapi?"

Nilimwagizia soda. Nikamwuliza habari za wanawe. Kisha nikainuka, nikatoa kwenye kabati faili nene, la kanuni, mipango, nyaraka za mwaka mzima, nyingi zimeandikwa Kiingereza, nikamwekea mapajani.

"Yote yamo humu," nikamwambia. "Ukilisoma hili, hutahitaji mtu."

Alilishika faili lile kama anavyoshikwa mtoto wa wenyewe. Nilijua anasoma Kiswahili polepole, na Kiingereza hasomi. Alinishukuru, akanibusu mkono.

Katikati ya faili lile palikuwa na waraka mmoja. Ulisema kwamba mapendekezo ya miradi ya kila wadi lazima yafike kabla ya tarehe fulani, yakiwa na saini za wananchi na barua ya idara inayohusika. Yatakayochelewa yatangoja mwaka mwingine wa fedha. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Sikuuficha waraka ule, wala sikuuchana. Niliuweka mahali pake, baada ya waraka uliotangulia na kabla ya uliofuata, kama karani mwema. Nilichofanya ni kunyamaza tu. Wiki tano nilimwona karibu kila siku, nikamwitikia salamu, nikampa muhuri kila alipoutaka, na kila siku nilikuwa nikijiambia kwamba si kazi yangu kumkumbusha mtu mzima.

Tarehe ikapita. Siku ile nilikula chakula cha mchana vizuri sana.

Zikafika siku mia moja, na boti hakuna. Kwenye arusi moja ya jirani, kina mama wamekaa ukumbini wakingoja bibi arusi, mtu akauliza Mwanakombo yuko wapi. Nikasema, nikitengeneza ushungi wangu, "Mheshimiwa Siku Mia? Atakuja. Mpeni siku mia." Wanawake waliangua kicheko. Jina lile lilitoka arusini mchana ule likafika gatini kabla ya jua kutua, na wiki iliyofuata hata watoto walikuwa wakimwita hivyo akipita. Yeye alidhani limetungwa na vijana wa boti. Alikuja kunilalamikia mimi.

Sasa nikwambie la Zuhura.

Zuhura alikuwa binti wa mtaa wa pili, mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika asubuhi, mambo hayakwenda sawa, na muuguzi wa zahanati akasema lazima apelekwe Lamu. Muuguzi yule alikuwa mtu wa bara, anaitwa Mutua, mrefu, mpole, ambaye watu hapa walimwita daktari na yeye akachoka kuwasahihisha. Walimpakia Zuhura kwenye boti la abiria. Lilikuwa zito, na lilikuwa na mizigo ya watu. Wakafika kwenye mkondo wa Manda maji yamekwisha, boti likakaa juu ya mchanga, wakangoja bahari ijae. Mutua alimzalisha pale pale, mchana kweupe, kina mama wamemzungushia leso. Zuhura alipona. Mtoto hakupona.

Nilikwenda kutoa rambirambi kama wengine. Nilikaa na Zuhura, nikamshika mkono, nikasoma dua nilizozijua. Alikuwa haongei. Alikuwa akiitazama leso aliyojifunga na kuikunjua, kuikunja, kuikunjua.

Siku chache baadaye Mutua akaja ofisini. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mama," akasema, "nataka nakala ya barua niliyoandika kuunga mkono boti la wagonjwa. Nilimpa Mheshimiwa. Ameniambia alipoipeleka aliambiwa amechelewa, tarehe ilishapita. Amesema hakuna mtu aliyemwambia kuna tarehe."

"Ilikuwa kwenye faili," nikajibu.

Aliniangalia kitambo.

"Sijakuuliza ilikuwa wapi, Mama. Ulijua?"

Mwanangu, mimi nimeulizwa maswali mengi na wakubwa, na sikuwahi kukosa la kusema. Siku ile nilifungua droo, nikaifunga. Nikafungua kitabu cha barua, nikatafuta nakala yake, nikampa. Akaipokea, akasema, "Asante," akaenda zake. Yule kijana angekuwa mwanangu kwa umri. Sijawahi kukaripiwa na mzee yeyote nikaumia vile.

Sitaki nikudanganye ili hadithi iwe nzuri. Hata kama ningesema mapema, boti lisingekuwa limefika mwezi ule. Nimeihesabu miezi hiyo mara nyingi, na sikuona namna. Lakini nilikuwa nimeupoteza mwaka mzima wa watu wengine, kwa makusudi, na sikujua katika mwaka ule nani atabebwa topeni. Sikujua, na nilikula vizuri.

Nilikwenda kwa Mwanakombo baada ya sala ya alasiri. Nilimkuta anachambua mchele. Viatu vile vipya vilikuwa mlangoni, visigino vimekanyagwa. Nikamwambia yote: waraka, wiki tano, jina la arusini. Nilisema nikiwa nimesimama, maana niliona si haki kuketi.

Aliendelea kuchambua mchele mpaka nikamaliza. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mimi nalidhani ni ujinga wangu."

Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Kila siku nikifungua faili lile nalia, Rukia. Nikasema, hawa watu wamemchagua mjinga, na mjinga amewaangusha. Nikataka nijiuzulu." Akaweka ungo chini. "Kumbe weye wakitaka kiti hiki?"

"Naam."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla yako. Miaka."

"Mbona hukunena? Wallahi ningekupigia debe. Ningezunguka na birika langu nyumba kwa nyumba nikisema jina lako."

Na ningejua anasema uongo, ningepumua. Lakini alikuwa anasema kweli, na mimi nilijua. Aliniambia niondoke. Hakunisamehe siku ile, wala wiki ile. Baada ya mwezi akanitumia mtu: nije na miwani yangu, tusome faili.

Tukalisoma. Ukurasa kwa ukurasa, mimi nikimfasiria, yeye akiuliza maswali ambayo katika miaka yangu yote sikuwahi kuyauliza. "Na huyu anayesaini hapa, asiposaini nimfuate nani?" Alikuwa na akili, mwanangu. Faili ndilo lililokuwa halijui Kiswahili.

Kisha alifanya jambo ambalo waheshimiwa niliowaandikia hotuba hawakuwahi kulifanya. Aliitisha watu uwanjani pale pale akawaambia: la hatimiliki nilisema bila kujua, si la uwezo wangu, nisameheni, ninachoweza ni kuandika barua na kufuatana nanyi hadi kwenye ofisi zinazohusika. La maji, nitaanza na mtaa mmoja. La boti, nimechelewa mwaka, na naomba saini zenu yeo hii, kabla hamjatawanyika. Hakutaja jina langu. Nilikuwa nimekaa mbele, nikingoja alitaje, na hakulitaja.

Watu walimzomea. Wazee wa mashamba waliondoka wote kwa pamoja. Lakini waliobaki walitia saini, na wengi wao walikuwa wanawake.

Boti lilikuja mwaka wa tatu. Si kubwa, halikuwa na paa, na mashine yake iliharibika mwezi wa kwanza ikabidi ingoje kipuri kutoka Mombasa. Lakini lina kina kifupi, linapita maji yakiwa madogo, na limewabeba wengi. Maji yalifika mitaa miwili. Hatimiliki hazikuja. Uchaguzi uliofuata Mwanakombo akashindwa, na mshindi akajipiga picha mbele ya boti lile.

Na nikwambie jambo la mwisho kuhusu mimi, kwa sababu ukidhani nilitubu nikawa malaika utajidanganya. Siku boti lilipoteremshwa Mtangawanda, Zuhura alikuwa pale, ana mimba ya pili. Kina mama walimzunguka Mwanakombo, wakamrushia leso, wakaimba jina lake, lile la kweli. Mimi ndimi niliyeandika kila karatasi ya boti lile. Nilisimama kando na mkoba wangu, na wivu ukaja ule ule, wala haukuwa mdogo kuliko wa uwanja wa skuli. Tofauti ni kwamba safari hii niliutambua kwa jina lake. Nikaenda nikamkumbatia kabla haujanifundisha la kusema. Hadi leo, akinitembelea na wajukuu wangu wakamkimbilia kabla hawajanisalimu, wivu ule huja tena.

Basi, mwanangu, kuhusu huyo kijana wa kwenye mabango.

Mwulize kila ahadi inapita mlango gani, na ufunguo wa mlango huo anao nani. Akikosa jibu, usimcheke; huenda ndiyo mara ya kwanza anaulizwa. Mwangalie atakavyofanya akishajua. Atakayerudi uwanjani aseme hili nililisema vibaya, huyo anafaa kupewa kazi. Atakayeongeza ahadi juu ya ahadi, mwache apite. Na ukimpigia kura usiende kulala ukasema nimemaliza, halafu uamke siku ya mia kumzomea. Mtu wa nje huingia ndani hajui hata taa inawashwa wapi, na waliomo humwangalia akijigonga kwenye meza. Anayejua amwambie. Kama ni wewe unayejua, mwambie hata kama hakukuomba, hata kama unatamani ungekuwa wewe.

Na kila utakapojisikia ukisema "huyu hataweza," jiulize kwanza: hili nalijua, au nalitamani? Ukiona kunakufurahisha kulisema, funga mdomo, uende ukamsaidie. Kama wataka kiti, sema nakitaka, mchana, mbele za watu. Usikae ofisini ukichana karatasi.

Nenda sasa, wenzako wanakungoja. Mwenyezi Mungu akupe riziki isiyokufanya utazame sahani ya mwenzio. Akukutanishe na watu watakaokwambia kweli kwa kukupenda. Na akikupa cheo siku moja, akupe na mtu wa kukaa nawe usome, na moyo wa kumwambia hujui. Amin, mwanangu. Amin.